John Thompson na Mpira Usio na Upepo

Chuo Kikuu cha Georgetown kilimkabidhi John Thompson timu yake ya mpira wa kikapu mwaka 1972. Msimu uliotangulia timu hiyo ilishinda michezo 3 na kufungwa 23. Thompson, mzaliwa wa Washington na mchezaji wa zamani wa Boston Celtics, alianza kwa kusaka vijana weusi wa jiji lake, ambao chuo hicho cha Wajesuiti kilikuwa nao jirani bila kuwaona.

Miaka 10 baadaye alikuwa katika fainali ya vyuo, New Orleans. Michael Jordan aliifungia North Carolina na kuiweka mbele 63–62; sekunde zikiyoyoma, Fred Brown wa Georgetown akampasia mpinzani akidhani ni mwenzake. Thompson alimkumbatia kijana huyo hadharani. Mwaka 1984, akiwa na Patrick Ewing, aliichapa Houston ya Hakeem Olajuwon 84–75, akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la vyuo Marekani. Sifa hiyo haikumlevya: alishikilia kwamba waliomtangulia hawakupungukiwa uwezo, walinyimwa nafasi.

Mezani kwake ofisini alikuwa na mpira uliotolewa upepo, ili kila mchezaji ajiulize atabaki na nini mchezo ukiisha. Msimamizi wa masomo, Mary Fenlon, alikuwa mtu wa karibu kabisa na timu, na asilimia 97 ya waliokaa miaka 4 walihitimu. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari. Aliondoka na shahada, akawa nyota wa NBA, kisha akaijengea Kinshasa hospitali.

Wapo waliomchukia. Timu yake iliitwa ya kibabe, na waandishi walilalamika kufungiwa milango. Hakuyumba. Januari 1989 alitoka uwanjani mchezo dhidi ya Boston College ukikaribia kuanza, kupinga kanuni ambayo ingewanyima ufadhili wanafunzi wapya wasiofikia alama zilizowekwa; aliona mzigo ungewaangukia weusi na maskini. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 1990.

Alijiuzulu mwaka 1999 akiwa na ushindi 596 na ubingwa mmoja. John Wooden wa UCLA alitwaa 10. Lakini makocha wengine weusi walimfuata: Nolan Richardson alitwaa taji mwaka 1994 na Arkansas, na Tubby Smith mwaka 1998 na Kentucky, chuo ambacho mwaka 1966 kilicheza fainali bila mchezaji mweusi hata mmoja.