Muhogo wa mbele ya nyumba

Ukipita Handeni au Korogwe, angalia mbele ya nyumba: muhogo, mpapai, matembele. Jirani akikosa mboga anaomba, anachuma. Muhogo hustahimili ukame na hukaa ardhini miezi mingi bila kuvunwa, yaani ni ghala lililo wazi kwa mtaa mzima. Kawaida tu, si ndio? Sasa sikia hii.

Miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua. Hata kwa jirani hakukuwa na kitu. Wapo walioahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi, wakaishia kuuzwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya Mto Juba, wakalima huko. Vizazi vyao bado vinaongea Kizigula!

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Handeni, nchi ya mababu. Pale Chogo walipewa mashamba, na baadaye wengi wakapata uraia wa Tanzania.

Kwa hiyo jirani akibisha hodi kuomba kisamvu, mpe. Uzigua inajua mtu anafika wapi akikosa pa kuomba.