Ubani wa farao na chetezo cha Diff

Chetezo cha hekaluni katika Misri ya kale kilitengenezwa kwa umbo la mkono. Upande mmoja kuna kichwa cha kipanga, ndege wa mungu Horus. Upande wa pili kiganja kilichokunjuliwa, kimebeba kibakuli cha makaa. Katikati, aghalabu, farao mdogo amepiga magoti mbele ya kisanduku cha chembe za ubani. Kuhani ndiye aliyekishika, lakini mfukizaji kwa haki alikuwa mfalme.

Ubani wenyewe haukuota Misri. Ulitoka Punt, ambayo Wamisri waliiita Nchi ya Mungu. Katika karne ya 15 kabla ya Kristo, Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao na kuchongwa na ndevu za bandia za kifalme, alituma merikebu 5 huko. Safari hiyo imo ukutani mwa hekalu lake la Deir el-Bahari: Parahu, mkuu wa Punt, na mkewe Ati, nyani juu ya merikebu, miti 31 ya ubani, mingine ikibebwa vikapuni pamoja na mizizi yake. Ukuta mwingine unasimulia kwamba mungu Amun alipomwendea mama yake Hatshepsut usiku, mama aliamshwa na manukato yake. Kwa mwanamke aliyekalia kiti cha wanaume, harufu hiyo ilikuwa hati ya urithi.

Punt ilikuwa wapi? Wanahistoria wengi hutaja ukanda wa Eritrea hadi Somalia, na DNA ya nyani aliyekaushwa Misri, iliyochapishwa 2023, inaelekeza Eritrea. Kwa hiyo ukiambiwa farao alichukua ubani wake hapa Diff, mpakani mwa Wajir na Somalia, hiyo ni chumvi. Ila ndugu za miti ile, jamii ya Boswellia na Commiphora, wamejaa nyika za Wajir, Mandera na Garissa. Wachungaji hubandua utomvu uliogandia kwenye gome huku mbuzi wakila, kisha humuuzia mchuuzi.

Nyumbani, Wasomali huufukiza katika dabqaad, chetezo cha jiwe laini; jiwe linalosifika zaidi huchimbwa Ceelbuur, katikati ya Somalia. Hakina kipanga wala farao. Mama hukipitisha chumba kwa chumba, nguo za sherehe hutandazwa juu ya moshi, na hakuna kuhani anayeombwa ruhusa. Utomvu unaobaki hutiwa maguniani, ukapanda lori kuelekea Nairobi.