Kisiwa kidogo, hewa moja: masafa ya leseni na masafa huru Mombasa

Leo tuzungumze juu ya uamuzi ambao kila mtoa huduma wa intaneti ya redio huufanya kabla ya kupandisha antena yake ya kwanza. Je, alipie leseni ya masafa yake peke yake, au atumie masafa huru, yale ambayo sheria inamruhusu mtu yeyote kuyatumia bila kuyaombea leseni? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama mfuko. Mimi naona jibu limo ndani ya historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kisiwani Mvita.

Leseni ilitoka baharini

Mombasa ilizoea waya mapema. Mwaka 1890 kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya bahari kutoka Zanzibar ilifika hapa, na kupitia Zanzibar na Aden kisiwa kikaunganishwa na Ulaya. Waya una sifa moja nzuri: ujumbe wako unapita ndani ya waya wako, na jirani ana wake. Redio ilipoingia, sifa hiyo ikapotea. Meli mbili zikipiga kwa pamoja katika masafa yale yale, bandari haielewi hata moja.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1904 ikimtaka kila mwenye mtambo wa redio awe na leseni. Marekani nayo ilitunga yake mwaka 1912, miezi michache baada ya meli ya Titanic kuzama. Zilikuwapo sababu za kijeshi na za kibiashara pia, lakini wazo la msingi lilikuwa jepesi: masafa fulani apewe mtu fulani, mahali fulani, na wengine wakae kimya. Wazo hilo ndilo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inalolitumia mpaka leo inapomgawia mtoa huduma njia ya maikrowevu kati ya minara miwili.

Masafa ya jalalani

Masafa huru yana asili ya ajabu kidogo. Mwaka 1947, katika mkutano wa ITU uliofanyika Atlantic City, mataifa yalitenga masafa kwa ajili ya mashine za viwandani, za kisayansi na za matibabu, yaani mashine zinazotumia mawimbi kwa kazi nyingine, kama kupasha vitu joto, na wala si kupeleka ujumbe. Mojawapo ni yale yanayozunguka gigahezi 2.45, ambayo majiko ya maikrowevu huyatumia. Aliyetaka kuwasiliana humo alipaswa kuvumilia kelele za mashine hizo. Kwa ufupi, lilikuwa jalala la redio.

Mei 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kutokana na kazi ya mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu mawasiliano bila leseni ndani ya jalala hilo. Sharti lilikuwa kwamba nguvu iwe na kikomo na mawimbi yatawanywe kwa upana ili yasimkere jirani. Kutokana na ruhusa hiyo kikazaliwa kiwango cha 802.11 mwaka 1997, kisha mwaka 1999 vikaja 802.11b kwenye gigahezi 2.4 na 802.11a kwenye gigahezi 5. Hiyo ndiyo Wi-Fi tuijuayo. Ilibuniwa kwa matumizi ya ndani, ofisini na nyumbani. Watoa huduma wadogo duniani kote waliichukua, wakaifunga kwenye dishi na kuivusha kilomita nyingi.

Mlango wa Kenya

Kwetu mlango ulifunguka polepole. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ilililivunja shirika la posta na simu, na mwaka 1999 tukapata Telkom Kenya upande mmoja na tume ya usimamizi, CCK, upande mwingine. (Tume hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2014.) Telkom ilibaki na haki ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa hadi mwaka 2004, na watoa huduma wa intaneti walilazimika kupitia Jambonet yake, iliyoanza mwaka 1998.

Novemba 2000 watoa huduma walianzisha kituo chao cha kubadilishana trafiki, KIXP, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili isizungukie ng'ambo. Baada ya wiki kama mbili CCK ilikifunga kutokana na malalamiko ya Telkom. Kilirudi Februari 2002, safari hii kikiwa na leseni. Kwa kizazi kile cha mafundi, basi, neno leseni halikuwa na maana ya utulivu hewani. Lilimaanisha mlango uliofungwa na mtu mwenye ufunguo.

Kanuni za masafa nazo zilikuwa mchanganyiko. Mwaka 2005 watafiti Isabel Neto, Michael Best na Sharon Gillett walichapisha uchunguzi wao wa nchi za Afrika, wakaonyesha kwamba masafa yale yale ya Wi-Fi yalihitaji leseni nchi hii na hayakuhitaji nchi ile.

Kisha mambo matatu yakakutana ndani ya mwaka mmoja na ushei. Mwaka 2008 CCK ilianza mfumo mpya wa leseni usiomfunga mtoa huduma kwenye aina moja ya teknolojia. Mwaka huo huo kampuni ya Marekani ya Ubiquiti ilitoa NanoStation, redio ya masafa huru yenye antena ndani yake, unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mitambo ya leseni. Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ikafika Mombasa, na Julai SEACOM ikawashwa. Uwezo mkubwa wa intaneti ukawa umelala ufukweni kwetu. Zilibaki kilomita chache za mwisho hadi mlangoni kwa mteja, na kwa mtoa huduma asiye na mtaji, masafa huru ndiyo yaliyokuwa daraja.

Hapa tuelewane vizuri. Masafa huru hayakuwa biashara huru. Anayeuza intaneti Kenya anahitaji leseni ya mtoa huduma. Anachosamehewa ni leseni ya masafa peke yake.

Adabu ya baraza

Ukitaka kuona faida na hasara ya daraja hilo, panda juu ya paa Mji wa Kale. Chini kuna vichochoro vyembamba na kuta nene za matumbawe na chokaa. Ni eneo la uhifadhi, kwa hivyo huwezi kuchimba na kutoboa utakavyo ili upitishe faiba. Kurusha mawimbi kutoka paa hadi paa kunarahisisha kazi. Kuta zile zile huizuia Wi-Fi ya jirani isikufuate chumbani, lakini juu ya paa hakuna ukuta.

Wi-Fi ina adabu ya baraza: sikiliza kwanza, na ukisikia mwenzio anazungumza, subiri. Barazani watu wanasikiana, kwa hivyo adabu inatosha. Paani mambo ni mengine. Antena ya Kibokoni na antena ya Makadara zinaweza kuzungumza na mlingoti mmoja bila ya zenyewe kusikiana. Kila moja inadhani kuna kimya, zote zinaanza, na pakiti zinagongana.

Watengenezaji walilijua tatizo hili. MikroTik ya Latvia na Ubiquiti walitunga taratibu zao, Nv2 na airMAX, ambamo mlingoti wenyewe unamgawia kila mteja zamu yake kwa saa. Ndani ya mtandao mmoja matokeo yalikuwa mazuri sana. Ila redio inayofuata zamu ya bosi wake hainyamazi kwa ajili ya mgeni wa mtandao mwingine. Kila mwenye nyumba akaweka nidhamu sebuleni kwake, na kelele za barabarani zikazidi.

Hesabu nayo haina huruma. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli 3 tu zisizopandana: 1, 6 na 11. Watoa huduma 4 wakikutana kwenye ghorofa moja la barabara ya Digo, mmoja hana pa kukaa. Wakahamia gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi, lakini sehemu yake inashirikiwa na rada za hali ya hewa, na redio inatakiwa ihame inapoisikia rada. Huwezi kumshtaki jirani anayefuata kanuni. Masafa huru yanakupa ruhusa ya kusema, wala hayakupi haki ya kusikika.

Leseni hununua nini?

Leseni ya masafa hununua kitu kimoja: ukimya ambao una haki ya kuudai. Mwingine akikuingilia, msimamizi ana wajibu wa kumwondoa. Kwa hilo unalipa ada, na ukitaka chaneli pana unalipa zaidi.

Haikukingi na mvua. Kuanzia gigahezi 10 hivi kwenda juu, matone ya mvua yanapunguza nguvu ya mawimbi, kwa hivyo kiungo cha leseni cha gigahezi 18 au 23 kinaweza kudhoofika mwezi wa Mei, masika inapomwaga hasa, wakati redio ya gigahezi 5 pembeni yake haina habari. Wala leseni haikuhakikishii maisha ya mtambo. Kampuni kadhaa za Kenya ziliwekeza kwenye WiMAX, wengi wakiitarajia itawale masafa ya leseni ya gigahezi 3.5. LTE ikaishinda duniani kote, na mitambo ile ikawa chuma chakavu, huku chipu za Wi-Fi zikizidi kuwa rahisi kwa wingi wake.

Bahari haina leseni

Mimi huandika programu zinazosoma nguvu ya mawimbi na pakiti zinazopotea kila dakika, kwa ajili ya mtoa huduma mdogo hapa kisiwani. Kwa uzoefu wangu, kabla ya kuuliza leseni ni bei gani, chora grafu ya wiki 2.

Grafu ikionyesha mawimbi yana nguvu ile ile, lakini pakiti zinapotea kila siku kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, adui ni jirani. Huo ndio ugonjwa unaotibiwa na leseni.

Mawimbi yakidhoofika mvua inaponyesha na kurudi inapoanuka, leseni ya masafa ya juu haitakusaidia. Tumia dishi kubwa zaidi au masafa ya chini zaidi.

Na mawimbi yakianguka kwa nyakati ambazo kila siku zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, muulize mvuvi yeyote, atakwambia ni kitu gani chenye saa hiyo. Kiungo kinachotoka Mji wa Kale kwenda English Point kinapita juu ya maji. Wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga bahari na kudunda, yote mawili yanafika kwenye dishi moja. Kwa gigahezi 5.8 urefu wa wimbi ni sentimita 5 tu, na bahari wakati wa bamvu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakijaa na yakipwa, kuna vipimo ambavyo mawimbi hayo mawili yanafutana. Dawa yake ni kubadilisha kimo cha antena, au kuificha nyuma ya ukingo wa paa ili wimbi la majini lisiifikie. Anayelipia leseni kwa ugonjwa huu amepoteza pesa zake, na maji yatajaa kesho vile vile.

Basi msimamo wangu ni huu. Kiungo kinachobeba mtaa mzima, ambacho kikikatika nyumba zote zinakatika, kilipiwe leseni pale grafu inapomtaja jirani. Paa la mwisho kwenda kwa mteja lipate masafa huru, kwa nguvu ndogo inayotosha na antena yenye mwale mwembamba. Anayetumia masafa huru kwa kila kitu, kwa nguvu yote, ndiye anayejaza kelele, na wa kwanza kufukuzwa na kelele hizo ni mdogo asiyeweza kukimbilia leseni wala faiba.

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya kijamii, ile inayoendeshwa na wakazi wenyewe. Mji wa Kale unafaa kabisa kwa mtandao wa aina hiyo, mradi hewa ya juu ya mapaa yake ibaki na nafasi ya kusikilizana. Kwa hivyo siku mtoa huduma wako atakapokwambia tatizo ni masafa, mwombe akuonyeshe grafu.