Mnyoo wa Muscat na Mawe ya Vitongoji

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Gombani, Pemba, vijana wamesharudi kutoka uwanjani, simu ikalia. Mpwa wangu aliyeko Muscat. "Mjomba, shikamoo. Ngoja nikutumie picha ya mwizi wangu."

Kijana huyu anafuga bahari. Sebuleni kwake ana tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, ndani yake maji ya chumvi, marijani hai, taa za buluu na pampu zinazovuma usiku kucha. Kwa muda wa miezi mitatu marijani zake zilikuwa zikikatwa kama majani yaliyopitiwa na mbuzi, na samaki wawili walipotea hata mfupa usionekane. Usiku huo alizima taa zote, akamulika kwa tochi nyekundu, akamnasa mharibifu kwa kamera: mnyoo mnene kama kidole cha shahada, mwili uking'ara rangi za upinde wa mvua, kichwani pembe tano ndogo, anachomoza kutoka katika tundu la jiwe.

Nikacheka. "Mwanangu, hicho ni chambo. Bibi yako alikuwa akikifukua Vitongoji kabla mama yako hajazaliwa."

Nimesomesha bayolojia katika skuli za sekondari kwa miaka 32, na jina la kitaalamu la ukoo wa mnyoo huyu, Eunice, nimeliandika ubaoni mara nyingi. Lakini nilimjua kwanza kwa mama. Maji ya bamvua yakipwa, tulikuwa tukitoka alfajiri kwenda Vitongoji, pwani ya mashariki, mama mbele na chuma chembamba begani, mimi nyuma na kikapu. Alikuwa akitafuta pweza, mnyoo alikuja kama ziada. Jiwe likifunuliwa na mnyoo akionekana kujivuta ndani, mama hakumrukia. Alimshika kwa kitambaa, karibu na kichwa, akatulia mpaka mnyoo mwenyewe alegee, ndipo akamtoa pole pole. Ukimvuta kwa pupa anakatika, unabaki na mkia mkononi, na kichwa kinarudi tunduni kuota mkia mwingine. Akishamtia kikapuni, mama aliinama tena, akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa. Siku niliyoliacha jiwe langu limelala chali, nilipigwa kofi la mgongo. "Jiwe lina wenyewe. Ukilifunua, lifunike."

Basi ilikuwaje chambo cha Vitongoji kikawa jambazi wa sebuleni? Hapo pana historia ndefu.

Kufuga viumbe wa baharini ndani ya kioo kulianza kuwa mtindo Uingereza katikati ya karne ya 19. Mwanamke mmoja, Anna Thynne, alichukua marijani kutoka Torquay mwaka 1846 akaziweka hai nyumbani kwake London, maji yakimiminwa kutoka chombo hadi chombo ili yapate hewa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa ajili ya watu wote, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu akwariamu. Kitabu kikapendwa kupita kiasi. Watu wakamiminika ufukweni na ndoo na patasi. Mwanawe, Edmund Gosse, alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1907, alisikitika kwamba yale madimbwi ya mwambani aliyoyaona utotoni yakiwa bustani yalikuwa yamekombwa, na kitabu cha baba yake kilikuwa na sehemu yake katika ukombaji huo.

Ilipotimia miaka ile ya 1900 wataalamu walikuwa wameshafika kwetu. Cyril Crossland, kijana Mwingereza, alikusanya viumbe vya pwani ya Unguja na Afrika ya Mashariki mwaka 1901 na 1902. Alichapisha makala kuhusu miamba ya marijani ya kisiwa chetu cha Pemba, pamoja na ripoti kuhusu minyoo ya baharini, wakiwemo wa ukoo huu wa Eunice. Konokono wa baharini wasio na kombe aliowakusanya walichambuliwa na Sir Charles Eliot, yule yule aliyekuwa Kamishna wa Waingereza wa Afrika ya Mashariki. Asubuhi anatawala, jioni anachungulia konokono! Leo wafugaji wa marijani wanawaogopa baadhi ya konokono wa namna hiyo kama wanavyomuogopa mnyoo, maana wamo wanaokula marijani na wengine hawali kitu kingine.

Mnyoo mwenyewe alipata mlango wa kuingilia nyumba za watu baadaye. Taabu ya tangi la chumvi ni uchafu: kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki jinsi alivyolitatua jambo hilo bila ya mitambo mikubwa. Alitia tangini mawe ya mwambani yakiwa bado hai. Ndani ya vitundu vya mawe hayo wamo bakteria wanaoigeuza amonia ikapungua ukali wake. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walipokuja kuishika njia hiyo, jiwe la mwambani likawa bidhaa. Na anayenunua jiwe hununua na wapangaji wake: kaa, kome, majani, na mnyoo mchanga mwembamba kama uzi ambaye hakuna anayemuona siku ya kwanza.

Biashara hiyo haiko mbali nasi. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, upande wa Kenya, wako wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo; samaki hutiwa katika mifuko ya maji iliyojazwa oksijeni na kusafirishwa kwa ndege. Marijani ngumu zote ziliwekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 1990, kwa hiyo haziuzwi nje bila kibali. Mnyoo yeye haombi kibali wala haulizwi.

Mwaka 2009 akwariamu moja ya Newquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilipatwa na msiba kama wa mpwa wangu. Marijani zilikatwa, samaki wakajeruhiwa, mitego ikashindwa. Mwishowe wafanyakazi wakalibomoa pambo la mawe la tangini jiwe moja moja, wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja. Wakampa jina, Barry, na tangi lake peke yake.

Nilimhadithia mpwa wangu habari hiyo, kwa sababu rafiki zake walikuwa wamemshauri atie dawa. Dawa inayomuua mnyoo inaweza kuua na viumbe wengine wa jiwe, na mnyoo akifia tunduni huoza humo humo, na maji yakachafuka kuliko mwanzo. Nikamwambia atumie njia ya bibi yake: lijue jiwe lake, litoe jiwe, usimvute kwa pupa. Alilitoa lile lenye tundu akaliweka juu ya ndoo, akamimina maji yaliyokolezwa chumvi ndani ya tundu. Dakika chache tu, mwizi akatoka mwenyewe. Alipompima alipata sentimita 46. Sasa anakaa peke yake katika tangi dogo na jiwe lake, analishwa kamba mara mbili kwa wiki, na watoto wa mpwa wangu wamezuiwa kutia vidole.

Huyo mnyoo hakubadilika tabia. Vitongoji anakula na kuliwa: samaki wanamvizia, mvuvi anamtia katika ndoana, bahari inasafisha. Katika kioo cha lita mia chache hana adui, na samaki hawana pa kukimbilia. Ubaya wake tumeutengeneza sisi kwa kumpunguzia bahari.

Na sisi wa huku tusijione wema mno. Bamvua iliyopita nilikwenda Vitongoji, na fimbo yangu ya uzee, nikahesabu mawe 14 yaliyofunuliwa na watafuta pweza na kuachwa yakiangalia jua. Sifongo za chini zilikwisha kuwa nyeupe, na mayai ya konokono yamekauka. Niliyarudisha 9. Yale 5 yaliyobaki yalinishinda uzito. Yako upande wa kusini wa njia inayoshuka pwani. Ukipita huko na una nguvu zako, nifunikie.