Delta: Herufi Iliyokuwa Mlango

Mwalimu wa Chikongola, mjini Mtwara, huichora herufi Δ ubaoni katika somo la hisabati ili kuonyesha badiliko la kiasi. Katika jiografia hulitaja tena jina lake, delta, anapoeleza jinsi Mto Rufiji unavyogawanyika kabla ya kuingia baharini. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: ikiwa wazee wetu husema "mlango wa mto", neno hili la kigeni latufaa nini? Swali hilo twataka kulijibu kwa kuifuata historia.

Delta ni herufi ya nne ya Kigiriki, na katika hesabu za kale ilisimama mahali pa 4. Wagiriki waliipokea kwa Wafoinike, ambao waliiita daleti, yaani mlango. Katika asili hiyo hiyo ilizaliwa dali ya Kiarabu, ambayo nayo huhesabiwa 4, na ambayo wazee wa pwani waliitumia kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Herodotus alilitumia jina la delta kwa nchi tambarare ya kaskazini mwa Misri, ambako matawi ya Mto Nile huchora pembetatu. Hivyo jina la herufi likawa jina la umbo la ardhi.

Kumbe delta na mlango si maneno ya kushindana; yana ujamaa wa kale. Hata hivyo, si kila mlango wa mto ni delta. Delta ni ardhi iliyojengwa kwa mchanga na matope yaliyoachwa na mto. Pale maji ya bahari yanapopanda mtoni wakati wa kujaa na kuchanganyika na maji baridi, jambo ni jingine. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara imelipatia jambo hilo neno zuri katika jina lake: Maingilio ya Mto Ruvuma.

Mfasiri akiyaandika yote matatu "mlango", ofisa anayepanga kilimo, mikoko na uvuvi hatajua kama anaelezwa habari za ardhi au za maji. Kwa hiyo twapendekeza mlango wa mto libaki jina la jumla, delta liwe la ardhi, na maingilio liwe la maji yakutanayo. Wala tusisahau kuwa maingilio nayo hupitia mlangoni.