Mwalimu wa Barua na Mwalimu Kibarua

Zamani katika pwani yetu, mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi kidogo cha kuthibitisha kuwa siku ile amefanya kazi, naye akakionyesha alipokwenda kudai ujira wake. Na kwa kuwa kikaratasi kile kilikuwa barua ndogo, kikaitwa kibarua, kisha jina la karatasi likamhamia mtu aliyeishika, hata leo tukisema kibarua twamkusudia yule alipwaye siku kwa siku, asiye na ahadi ya kesho. Neno hili limenijia mara nyingi nilipokuwa nikiifuatia tarehe ya kazi moja ambayo haikuzaliwa pwani wala popote Afrika, bali Marekani, nayo ni kazi ya kuwafundisha elimu ya jamii na elimu ya jinai wanafunzi ambao mwalimu wao hawaoni kwa macho. Kazi hiyo ilianza kwa barua, na leo imefikia kwenye kibarua; na mwenye kuichungua tangu asili yake ataona kuwa mambo mawili hayo hayakupata kuwa mbalimbali.

Aliyeifungua njia alikuwa William Rainey Harper, mwalimu wa Kiebrania katika seminari ya Wabaptisti huko Morgan Park, jirani na Chicago, ambaye mwaka 1881 alianza kuwapelekea wachungaji wa makanisa ya mbali masomo yaliyopigwa chapa, nao wakayajibu na kuyarudisha kwa posta. Kazi ile ilimnogea hata miaka michache baadaye akatabiri kuwa itafika siku ambapo yasomwayo kwa barua yatayazidi kwa wingi yasomwayo darasani. Basi Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango yake Oktoba 1892, Harper akiwa rais wake wa kwanza, mafundisho ya posta yalikuwamo tangu siku za mwanzo. Na katika mwaka uleule, chuoni humohumo, Albion Small alianzisha idara ya elimu ya jamii, miongoni mwa idara za mwanzo kabisa za elimu hiyo duniani, ambayo mwaka 1895 ilipata na jarida lake. Elimu mpya na njia mpya ya kuifikisha zilizaliwa kama pacha. Ila mmoja alilelewa sebuleni, na wa pili akaachwa barazani.

Aliyekaa barazani muda mrefu kuliko wote alikuwa mwanamke, Annie Marion MacLean, mzaliwa wa Prince Edward Island katika Kanada, aliyepata shahada ya udaktari katika idara ya Small mwaka 1900, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo katika fani hiyo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika makala yenye kusisimua katika jarida lile, baada ya kujiajiri kwa siri kwa majuma mawili katika maduka makubwa ya Chicago, akasimama nyuma ya meza pamoja na wasichana wauzaji, akaonja saa zao ndefu na ujira wao usiomtosha mtu chakula na malazi. Mwaka 1903 alianza kufundisha elimu ya jamii kwa posta, akaendelea mpaka mauti yalipomfika mwaka 1934, miaka 31 ya kusoma karatasi za watu wasiomjua sura, mingi kati yake akiwa mgonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1923 akaandika makala nyingine, akieleza alivyoona katika miaka 20 ya kazi hiyo. Katika muda wote huo hakupata kiti cha kudumu katika madarasa ya chuo chenyewe. Aliyeupima kwa mizani ujira wa wasichana wa madukani aliishi maisha yake ya ualimu nje ya kizingiti cha nyumba aliyoitumikia.

Somo la posta lilikuwa na umbo lake, nalo lastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanafunzi aliyelipa ada alipokea karatasi za chapa, ambazo zilimtajia kurasa za kitabu alizopaswa kusoma na maswali aliyopaswa kuyajibu. Akaketi usiku, baada ya kazi za mchana, akaandika majibu yake, akayatia katika bahasha na kuyapeleka posta. Siku kadhaa zikapita, pengine majuma, kisha karatasi zilezile zikarudi zikiwa zimejaa maandishi ya mwalimu pambizoni: hapa kasahihisha, pale kauliza, mahali pengine kaongeza jina la kitabu. Hapakuwa na uso wala sauti. Mwanafunzi alimjua mwalimu wake kwa hati ya mkono, na mwalimu alimjua mwanafunzi kwa makosa yake. Aliyezoea darasa ataona huo ni upungufu, na kweli ni upungufu; lakini darasani mwanafunzi mzembe aweza kujificha nyuma ya mwenzake, na katika barua hana mgongo wa kujifichia.

Miongoni mwa waliozipokea karatasi za namna hiyo alikuwamo kijana wa Nebraska, Edwin Sutherland, aliyezaliwa mwaka 1883, mwana wa mchungaji wa Kibaptisti. Mwaka 1904 alikwenda kufundisha katika chuo kidogo cha Sioux Falls, South Dakota, ambako mtu mmoja alitakiwa kusomesha Kilatini, Kigiriki, historia na hata hatimkato. Nia yake ilikuwa kwenda Chicago kusomea historia, na katika matayarisho ya safari hiyo akajiandikisha kusoma elimu ya jamii kwa posta, katika miaka ileile ambayo MacLean alikuwa akiisomesha kwa njia hiyo. Mwaka 1906 alifika Chicago, akakaa miguuni pa Charles Henderson, kasisi wa chuo na mwalimu wa mambo ya wahalifu na mafukara, na ile nia ya historia ikampotea. Mwaka 1924 alitoa kitabu chake cha elimu ya jinai, ambacho kwa matoleo yake mengi kilikuwa mwongozo wa vizazi vya wanafunzi, na ambacho kilimwinua akawa imamu wa fani hiyo nchini mwake.

Elimu ya jinai ilikuwa na mlango mwingine wa kuingilia chuoni, nao ulikuwa kituo cha polisi. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, aliamini kuwa askari hana budi kusoma, na tangu mwaka 1916 askari wakafundishwa katika Chuo Kikuu cha California kilichokuwa hapo mjini. Imani yake haikuenea upesi, mpaka mwaka 1968, baada ya ghasia za mijini na hofu ya uhalifu, serikali ya Marekani ilipopitisha sheria iliyotoa, pamoja na mengine, mikopo na ruzuku kwa askari waliotaka kusoma vyuoni. Fedha ilipomwagika, idara za elimu ya jinai zilichipuka kila jimbo kama uyoga baada ya masika. Lakini askari hufanya kazi kwa zamu, leo usiku, kesho mchana, na darasa la saa nne asubuhi halimfai. Kwa hiyo vyuo vilianzisha masomo ya jioni, na kuyafundisha vikawakodi waendesha mashitaka, maofisa wa magereza na polisi wastaafu, kwa malipo ya somo kwa somo. Mwalimu wa muda aliingia hapo kama mgeni wa siku mbili, wala hakutoka tena.

Njia ya posta nayo haikusimama. Nchini Uingereza chuo kikuu huria kilipata hati yake mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, na masomo yake yakatangazwa kwa redio na televisheni. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilifuata mwendo huo. Programu ya Moodle, ya kuendeshea masomo kwa intaneti, ambayo chuo hicho cha Tanzania huitumia pamoja na vyuo vingi vya dunia, ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas, mtu wa Australia ambaye utotoni, katika jangwa la magharibi mwa nchi yake, alipata masomo yake kwa ndege na kwa redio. Huko Marekani, hofu ya vyuo vya ulaghai iliifanya serikali, mwaka 1992, ivinyime misaada ya wanafunzi vyuo vilivyofundisha zaidi ya nusu ya masomo yao kwa mbali. Na mwaka 2006 kizuizi hicho kilipoondolewa kwa masomo ya intaneti, mlango ulibaki wazi.

Walioingia kwa mlango huo kufundisha hawakuwa wenye viti. Chama cha maprofesa wa Marekani kilihesabu kuwa mwaka 1987 walimu wa vyuo wasio na ajira ya kudumu wala matumaini ya kuipata walikuwa kama asilimia 47, na mwaka 2021 walikuwa asilimia 68. Mmoja wao, tuseme ni mwalimu wa elimu ya jinai, huajiriwa kwa muhula, hulipwa kwa idadi ya masomo, na somo lisipopata wanafunzi wa kutosha hufutwa siku chache kabla halijaanza, na ujira ukafutika nalo. Mara nyingi mtaala huukuta umekwisha kupangwa na mwingine, hata maswali ya juma la tatu yamo ndani. Lake ni kusoma. Usiku wa Jumapili, muda wa mwisho ukikaribia, majibu humiminika: askari ameandika akiwa zamuni, mama ameandika baada ya kuwalaza watoto, mlinzi wa gereza ameeleza kwa nini haamini hata neno moja la kitabu. Naye mwalimu huketi mbele ya kioo cha kompyuta akafanya lilelile alilolifanya MacLean, isipokuwa pambizo sasa ni ya mwanga.

Watu wa elimu ya jamii wangepaswa kuliona jambo hili kabla ya wengine, kwani kazi yao ni kuuliza ni nani ahesabiwaye na ni nani asiyehesabiwa. Sutherland aliliuliza swali hilo mwaka 1939 mbele ya wenzake walipokutana Philadelphia, alipowaambia kuwa elimu ya jinai imewatazama mno mafukara, na imeziacha jinai za wenye vyeo na makampuni zipite bila jina. Miaka kumi baadaye alichapisha kitabu juu ya makampuni makubwa 70, na kwa kuogopa mashitaka majina ya makampuni yaliondolewa, yasirudishwe mpaka toleo la mwaka 1983, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1950.

Kikaratasi cha pwani kilikwisha kazi yake pale mtu alipolipwa, kikawa hakidai wala hakidaiwi. Vyuo vimemhesabu mwalimu wa mbali kwa hesabu ya kikaratasi hicho, muhula ukiisha deni limekwisha. Lakini kilichotumwa Sioux Falls hakikuwa kibarua. Kilikuwa barua, na jibu lake lilichukua miaka zaidi ya 30 kufika.