Mashahidi wa Mnazi

Jamaa zangu wa Nairobi wakishuka Kilifi huja na bia zao za bei, wananusa glasi kabla ya kuonja. Mimi huwapeleka mangweni. Asubuhi mgema akishuka, mnazi bado mtamu. Jioni ushakuwa mkali. Hakuna kusubiri wiki tatu.

Lakini kwa Wagiriama wa Kaloleni haukuwa wa starehe tu. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyekaa nao miaka ya 1960, alieleza kwenye kitabu chake cha 1972, *Palms, Wine, and Witnesses*: minazi au shamba likiuzwa, wazee hunyweshwa, nao ndio mashahidi. Hati iko vichwani mwao. Waliojilimbikizia minazi waliogopa kurogwa au kutiliwa sumu kwenye vikao hivyo. Baadhi wakapandwa na pepo wa Kiislamu, basi tembo likawa haramu kwao. (Ujanja au imani? Nadhani vyote viwili.) Wazee waliendelea kuwanunulia, maana bila shahidi huna mnazi.

Babu yangu alinunua minazi yake hivyohivyo. Mwaka jana akaja mtu na hati miliki. Waliounywa siku ile wote tumeshawazika.